Makombora na Ndege za Abiria: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila vita vinapozuka mahali zinapopita njia kuu za ndege, maswali ni yale yale: ndege inaweza kupigwa? Nani anaamua ipite wapi? Mbona hazifungwi mitambo ya kujikinga? Mengine yanajibika kwa sentensi mbili. Mengine yana historia ndefu, na hayo tumeyapa nafasi zaidi.

Je, kweli kombora linaweza kuiangusha ndege ya abiria?

Ndiyo, na imeshatokea mara nyingi. Ndege ya abiria ni kubwa, inapita njia inayojulikana, haina wepesi wa kukwepa, na karibu zote hazina kifaa cha kumwonya rubani kwamba kuna kitu kinamfuata. Hata hivyo, ukitaka kujua safari fulani ina hatari kiasi gani, usiiangalie ndege. Angalia ardhi iliyo chini yake: nani yuko huko, ana silaha gani, na ana wasiwasi kiasi gani usiku huo.

Tunazungumzia makombora gani hasa?

Kuna makundi mawili yanayotofautiana sana, na kuyachanganya ndiko kunakopotosha mijadala mingi.

La kwanza ni kombora la begani, ambalo wanajeshi na wanadiplomasia huliita kwa kifupi MANPADS. Mtu mmoja analibeba na kulirusha. Maarufu zaidi ni Strela na Igla za Kisovieti na Stinger ya Marekani. Mengi hufuata joto, na sehemu yenye joto kali kuliko zote kwenye ndege ni injini. Hufika umbali wa kilomita 5 hivi, na kwa kwenda juu mengi hayavuki mita 4,500. Ndege iliyokwisha kushika usawa wa safari huwa kati ya mita 10,000 na 12,000, kwa hiyo huko haifikiki. Hatari ya kombora hili ipo wakati wa kupaa na wakati wa kutua.

La pili ni mitambo ya ulinzi wa anga ya majeshi: Buk, Tor, S-200 na jamaa zake. Hubebwa na magari mazito au hufungwa melini, huongozwa kwa rada, na huhitaji kikosi kilichofundishwa. Kichwa cha mlipuko cha kombora la begani kina uzito wa kilo chache tu. Cha Buk ni kilo 70 hivi. Tena Buk haihitaji hata kuigusa ndege. Hulipuka karibu nayo na kuimwagia mamia ya vipande vya chuma. Kwenda juu zaidi hakusaidii, maana inafika juu kuliko ndege yoyote ya abiria inavyoweza kupanda.

Yapo pia makombora yanayorushwa na ndege za kivita. Hayo ni nadra, lakini tutayagusa.

Kombora la begani likiipiga ndege, ndiyo mwisho?

Si lazima. Mfano unaosomeshwa zaidi ni wa Baghdad, 22 Novemba 2003. Ndege ya mizigo aina ya Airbus A300 iliyokuwa ikiruka kwa niaba ya DHL ilikuwa imetoka kupaa na kufika futi 8,000 hivi pale kombora lilipopiga bawa la kushoto. Bawa likashika moto. Baya zaidi, mifumo yote mitatu ya haidroliki ilivuja ikaisha, na katika ndege ya namna hiyo haidroliki ndiyo inayogeuza kila kitu: usukani ni mtupu, breki za mabawa hazijibu, mkia haujibu.

Watu watatu waliokuwa ndani walibaki na kitu kimoja tu cha kushika, nacho ni vishikio vya nguvu za injini. Wakiongeza nguvu ya injini zote mbili, pua inapanda, wakipunguza, inashuka. Wakiipa injini ya kushoto nguvu zaidi, ndege inageukia kulia. Lakini injini ya ndege haijibu papo hapo, hivyo kila badiliko lililazimu kufanywa kabla ya kuhitajika, huku bawa likiendelea kuungua. Waliizungusha ndege, wakairudisha Baghdad, ikagusa chini, ikatoka nje ya barabara ya kurukia na kuzama mchangani. Wote watatu walitoka hai.

Ni kweli walikuwa na bahati. Lakini kuna sababu za kiufundi pia. Kombora linalofuata joto huelekea kwenye injini, na katika ndege nyingi za leo injini zinaning'inia chini ya mabawa, mbali na mwili wa ndege. Ndege kubwa imebuniwa iweze kuruka hata injini moja ikizimika. Na kombora la begani lilibuniwa kuangusha helikopta na ndege ndogo za kivita, si chombo cha tani 150.

Ilikuwaje Mombasa mwaka 2002?

Asubuhi ya 28 Novemba 2002, Boeing 757 ya shirika la Arkia la Israeli ilikuwa imetoka tu kupaa kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi. Ilikuwa na watu 271. Makombora mawili ya Strela-2 yakarushwa kutoka karibu na uwanja, na yote mawili yakapita pembeni. Rubani aliendelea na safari hadi Tel Aviv badala ya kurudi kutua mahali ambapo pengine kulikuwa na kombora la tatu, uamuzi ambao ni vigumu kuulaumu. Asubuhi hiyo hiyo bomu lililipuliwa kwenye hoteli ya Paradise huko Kikambala, likaua Wakenya 10 na Waisraeli 3.

Strela-2 ni silaha ya miaka ya 1960. Hakuna aliyejeruhiwa ndani ya ndege. Lakini tukio hilo liliishtua dunia kuliko mengi yaliyoua watu, kwa kuwa lilitokea kwenye uwanja wa watalii, katika nchi isiyokuwa vitani, dhidi ya ndege iliyojaa watu waliotoka likizo. Mijadala mingi ya miaka iliyofuata kuhusu kuzifunga ndege vifaa vya kujikinga ilianzia hapo.

Je, Afrika imeathirika zaidi?

Kwa makombora ya begani, Afrika ni miongoni mwa mabara yaliyoumia zaidi, na sababu haina fumbo: vita vya muda mrefu, silaha nyingi zilizobaki kutoka enzi za Vita Baridi, na maeneo ambayo ndege ndiyo usafiri pekee unaopita.

Tarehe 3 Septemba 1978, wapiganaji wa ZIPRA, waliokuwa wakipigana na serikali ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), waliitungua ndege aina ya Viscount ya Air Rhodesia kwa Strela-2. Kati ya watu 56, 38 walikufa katika kuanguka. Kati ya 18 walionusurika, 10 waliuawa kwa risasi ardhini. Miezi mitano baadaye, Februari 1979, Viscount ya pili ikatunguliwa na wote 59 wakafa. Agosti 1986 huko Malakal, Sudan, ndege ya Sudan Airways ilipigwa na kombora la waasi wa SPLA, wakafa watu 60. Oktoba 1998 Boeing 727 ya Lignes Aériennes Congolaises iliangushwa karibu na Kindu, mashariki mwa Kongo, wakafa 41. Machi 2007, mjini Mogadishu, ndege ya mizigo aina ya Ilyushin Il-76 ilitunguliwa baada ya kupaa, wote 11 wakafa.

Na ipo ile ya 6 Aprili 1994. Haikuwa ndege ya abiria wa kawaida. Ilikuwa Falcon 50 ya rais, ikirudi Kigali kutoka kwenye mkutano wa Dar es Salaam, ndani wakiwamo Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Makombora mawili yalirushwa ikijiandaa kutua. Watu wote 12 walikufa, na mauaji ya kimbari yakaanza ndani ya saa chache. Nani hasa aliyerusha bado ni jambo linalobishaniwa.

Kwa hiyo gaidi mwenye kombora begani ndiye tishio kubwa kuliko yote?

Wengi wanaamini hivyo. Hesabu inasema vingine.

Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani imekuwa ikitoa takwimu kwamba tangu miaka ya 1970 zaidi ya ndege 40 za kiraia zimepigwa na makombora ya begani, takriban 28 zikaanguka, na zaidi ya watu 800 wakafa. Hiyo ni miongo kadhaa, mabara kadhaa, na nyingi zilikuwa ndege ndogo za pangaboi au za mizigo zilizoingia vitani kwa kujua.

Sasa chukua ndege nne tu zilizopigwa na mitambo mikubwa ya kijeshi. Iran Air 655, mwaka 1988: watu 290. Siberia Airlines 1812, mwaka 2001: watu 78. Malaysia Airlines MH17, mwaka 2014: watu 298. Ukraine International PS752, mwaka 2020: watu 176. Jumla ni 842. Ongeza Korean Air Lines 007 (KAL 007), iliyopigwa na ndege ya kivita ya Kisovieti mwaka 1983 ikiwa na watu 269, unafika 1,111. Ndege tano.

Nyuma ya ndege hizo tano hakukuwa na mtu aliyejificha kichakani karibu na uwanja. Walikuwa watu wenye silaha za kijeshi zinazoongozwa kwa rada, na kwa kadiri uchunguzi ulivyoonyesha, mara nyingi walidhani wanapiga kitu kingine. Ndiyo maana mimi hukosa subira na makala zinazojaza kurasa kwa habari za Stinger zilizopotea sokoni, kisha zinaitaja rada ya jeshi kwa mstari mmoja.

Mwanajeshi mwenye rada anawezaje kuifananisha ndege ya abiria na ndege ya adui?

Kwa urahisi kuliko inavyopaswa. Kwenye kioo cha mtambo wa kurushia makombora, ndege ni alama ndogo yenye mwelekeo, kasi na urefu kutoka ardhini. Ndege ya abiria hutangaza utambulisho wake kwa transponda, kifaa cha redio kinachoijibu rada, lakini kuna mitambo ya kivita isiyosoma matangazo hayo vizuri, au iliyotengwa na mtandao unaopaswa kuyatafsiri. Kinachobaki ni maamuzi ya watu walio chini ya shinikizo.

Meli ya kivita ya Marekani, USS Vincennes, ilipoipiga Iran Air 655 juu ya Ghuba tarehe 3 Julai 1988, ilikuwa katikati ya mapambano na boti za Iran. Wahudumu wa rada waliamini wanaona ndege ya kivita aina ya F-14 ikishuka kuwashambulia. Kumbukumbu za mitambo ya meli yenyewe zilionyesha ndege hiyo ilikuwa ikipanda. Maonyo mengi ya redio yalitumwa kwenye masafa ya kijeshi ambayo Airbus ya abiria haikuwa na namna ya kuyasikia.

Tehran, 8 Januari 2020, ni mfano unaotisha zaidi kwa udogo wa kosa lililoanzisha yote. Saa chache kabla, Iran ilikuwa imezirushia makombora kambi zenye wanajeshi wa Marekani nchini Iraq, na ilikuwa ikingoja kulipiziwa kisasi. Vikosi vya ulinzi wa anga vilikuwa macho. Ripoti ya Iran yenyewe ilisema mtambo mmoja wa Tor ulihamishwa mahali, na baada ya kuhamishwa haukurekebishwa upya mwelekeo wake wa kaskazini. Ukabaki umepotoka kwa digrii 107. PS752, Boeing 737 iliyopaa kutoka uwanja mkuu wa Tehran, ikielekea kaskazini magharibi kama ilivyopangiwa, ikaonekana kwenye kioo kama kitu kinachokuja mjini kutoka kusini magharibi. Mhudumu alijaribu kuwasiliana na makao makuu, ujumbe haukupita. Akarusha bila idhini. Sekunde 30 hivi baadaye akarusha la pili. Ilikuwa saa 12:15 asubuhi, na ndege nyingine za abiria zilikuwa zimeshapaa salama kutoka uwanja huo huo alfajiri ile. Iran ilikanusha kwa siku tatu, kisha ikakiri.

Kuna na kosa la namna nyingine. Oktoba 2001 jeshi la Ukraine lilikuwa kwenye mazoezi huko Crimea. Uchunguzi ulihitimisha kwamba kombora la S-200 lilivuka eneo la mazoezi na kuikuta Tu-154 ya Siberia Airlines juu ya Bahari Nyeusi, ikitoka Tel Aviv kwenda Novosibirsk.

Kwa nini MH17 ilipita juu ya vita?

Kwa sababu njia ilikuwa wazi kisheria, na kila mtu alikuwa akipita.

Tarehe 14 Julai 2014 ndege ya mizigo ya jeshi la Ukraine aina ya Antonov An-26 ilitunguliwa mashariki mwa nchi ikiwa kwenye mita zaidi ya 6,000, yaani juu ya uwezo wa makombora ya begani ya kawaida. Hapo ndipo kila mtu angepaswa kushtuka, maana ilimaanisha kuna mtambo mkubwa eneo lile. Mamlaka za Ukraine zilipandisha kiwango cha chini cha kuruka hadi futi 32,000. MH17, siku tatu baadaye, ilikuwa futi 33,000. Ilikuwa imetii sheria kikamilifu, kwa tofauti ya futi 1,000 ambazo kwa Buk si kitu.

Bodi ya Usalama ya Uholanzi ilikuta kwamba siku hiyo peke yake, hadi anga lilipofungwa, ndege 160 za kibiashara zilikuwa zimepita juu ya eneo hilo. Tangu 14 hadi 17 Julai yalipita mashirika 61 kutoka nchi 32. Wakati MH17 inapigwa, ndege nyingine tatu zilikuwa kwenye sehemu ile ile ya anga. Kombora lililipuka juu kidogo ya chumba cha marubani, upande wa kushoto, na sehemu ya mbele ya ndege ikakatika. Vipande vya chuma vilivyotolewa kwenye miili ya marubani, vingine vikiwa na umbo la kipepeo, vilisaidia wachunguzi kutambua aina ya kichwa cha kombora.

Nani mwenye mamlaka ya kufunga anga?

Nchi iliyo chini yake. Mkataba wa Chicago wa 1944 unaipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga lake. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) linatoa miongozo, lina hata kitabu kizima cha kupima hatari za kuruka juu ya maeneo ya vita, lakini haliwezi kufunga anga la mtu.

Hapa ndipo penye tatizo lenyewe. Nchi iliyo vitani ndiyo inayotarajiwa kutangaza kwamba haiwezi kulinda anga lake. Kutangaza hivyo ni kukiri imepoteza udhibiti, na ni kukosa ada zinazolipwa na kila ndege inayopita. Nyingi huchelewa. Ukraine ilifunga anga lake lote 24 Februari 2022, siku uvamizi ulipoanza, na Sudan ikafunga lake mapigano yalipozuka Aprili 2023. Iran usiku ule wa Januari 2020 haikufunga.

Nchi nyingine zinaweza kuyazuia mashirika yao. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA) huwapiga marufuku waendeshaji wa Marekani kuingia maeneo fulani. Saa chache kabla ya PS752 kupigwa ilikuwa imewakataza kupita Iran na Iraq, lakini marufuku hiyo haikulihusu shirika la Ukraine. Shirika la Usalama wa Anga la Ulaya (EASA) hutoa taarifa kuhusu maeneo ya vita. Taarifa hizi huwafikia marubani kupitia matangazo yaitwayo NOTAM, ambayo huwa mengi mno na kuandikwa kwa vifupisho, hivyo tangazo la kombora huweza kukaa sambamba na tangazo la taa mbovu ya uwanja.

Baada ya hapo uamuzi ni wa shirika. Mengine yana wachambuzi wa usalama wanaofuatilia vita saa 24, mengine hutegemea yanachofanya wenzao. "Mbona fulani anapita?" ni hoja iliyowahi kugharimu watu 298.

Bima nayo ina sauti. Bima ya kawaida ya ndege haihusishi vita. Shirika hukata bima ya pili kwa ajili hiyo, na mwenye bima anaweza kuisitisha kwa notisi ya siku saba au kubadili bei. Mara nyingine njia hufungwa na mhasibu kabla ya jenerali.

Mbona ndege zote hazifungwi mitambo ya kujikinga?

Mitambo ipo. El Al ya Israeli ilianza na mfumo unaotambua kombora na kutupa mioto ya kulipotosha, kisha ukaja mfumo wa leza unaolipofusha jicho la kombora. Mioto ile haikupendwa na viwanja vya nchi nyingine, na si ajabu. Hakuna anayetaka vitu vinavyowaka vidondoke juu ya mitaa ya watu.

Baada ya Mombasa, Marekani ilijaribu mifumo ya leza kwenye ndege za kibiashara. Mwaka 2005 taasisi ya utafiti ya RAND ilikadiria kwamba kuzifunga ndege zote 6,800 za mashirika ya Marekani kungegharimu dola bilioni 11, na kuiendesha mifumo hiyo dola bilioni 2.1 kila mwaka. Ushauri wao ulikuwa kungoja teknolojia ikomae. Mifumo hiyo huongeza uzito na mafuta, huhitaji matengenezo, na mingi ni siri ya kijeshi isiyoweza kuuzwa kila nchi.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wake hawalisemi kwa sauti: leza ya kupofusha kombora la joto haisaidii kitu dhidi ya Buk au Tor zinazoongozwa kwa rada. Ingekuwepo kwenye MH17 au PS752, matokeo yangekuwa yale yale. Kwa fedha hizo hizo, kuyakusanya na kuyaharibu makombora yaliyozagaa kunaelekea kuleta faida zaidi, na programu za Marekani za kuzisaidia nchi nyingine zimeshaharibu zaidi ya 30,000 ya aina ya begani. Kazi haijaisha. Libya pekee ilikadiriwa kuwa na 20,000 kabla ya utawala wa Gaddafi kuanguka mwaka 2011.

Rubani anaweza kukwepa?

Hapana. Kombora la begani linakwenda kwa kasi kubwa kuliko ya sauti na linamaliza umbali wake wote kwa sekunde kumi na kitu. Rubani wa ndege ya abiria kwa kawaida hujua baada ya kupigwa.

Anachoweza kufanya ni kupunguza muda wa kuwa chini. Miaka ya vita vya Iraq, ndege za abiria zilizoingia Baghdad zilifika juu ya uwanja zikiwa bado juu sana, kisha zikashuka kwa kujizungusha juu ya eneo la uwanja lililolindwa, badala ya kuteremka taratibu kwa makumi ya kilomita. Abiria waliowahi kupitia hilo hawalisahau.

Tukio la Azerbaijan Airlines lilikuwa kombora?

Ndiyo. Tarehe 25 Desemba 2024 Embraer 190 kutoka Baku ilikuwa ikijaribu kutua Grozny, kusini mwa Urusi, wakati ulinzi wa anga wa Urusi ukipambana na droni za Ukraine. Ilidhurika vibaya, ikavuka Bahari ya Kaspi, ikaanguka karibu na Aktau nchini Kazakhstan. Kati ya watu 67, 38 walikufa na 29 wakanusurika. Oktoba 2025 Vladimir Putin alikiri kwamba makombora ya Urusi yalilipuka karibu na ndege hiyo.

Tukio hili linaonyesha hatari inakoelekea. Droni za masafa marefu zimeifanya miji iliyo mbali na mstari wa mbele kuwa na ulinzi wa anga unaofyatua usiku na mchana, huku viwanja vyake vikiendelea kupokea abiria. Pamoja na hayo, mawimbi ya GPS huvurugwa makusudi ili kuzipoteza droni, na ndege za abiria zinapotea nazo.

Kuna sheria inayokataza kupiga ndege ya abiria?

Ipo. Baada ya KAL 007, nchi wanachama wa ICAO ziliongeza kifungu cha 3 bis kwenye Mkataba wa Chicago, kilichopitishwa 1984 na kuanza kutumika 1998, kinachozitaka nchi zijiepushe kutumia silaha dhidi ya ndege ya kiraia iliyo angani. (Msiba huo huo ndio uliomfanya Rais Reagan atangaze kwamba GPS ingefunguliwa kwa matumizi ya raia, kwa kuwa ndege ile ilikuwa imepotea njia.)

Kuitekeleza sheria ni safari nyingine. Kwa MH17, mahakama ya The Hague iliwahukumu watu watatu kifungo cha maisha Novemba 2022 bila wao kuwapo, na wa nne akaachiwa. Mei 2025 Baraza la ICAO liliona kwamba Urusi ilikiuka wajibu wake, na Julai mwaka huo Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaamua kwamba Urusi inawajibika. Urusi inakanusha.

Familia hulipwa fidia?

Mara nyingine, na kwa kawaida bila neno "kosa" kuandikwa popote. Marekani ilikubali mwaka 1996 kulipa dola milioni 61.8 kwa familia za Wairani waliokufa kwenye Iran Air 655, pasipo kukiri kuwajibika kisheria. Ukraine ililipa dola 200,000 kwa kila marehemu wa ndege ya 2001. Iran ilitenga dola 150,000 kwa kila familia ya PS752, na baadhi ya familia zikasema zinataka ukweli kwanza.

Abiria wa kawaida afanye nini?

Kwa safari nyingi, hakuna cha kufanya. Njia zake hazikaribii vita. Kama yako inakaribia, tazama kwenye programu za kufuatilia ndege njia iliyopitwa na safari hiyo hiyo wiki hii. Utaona kama shirika linazunguka eneo la vita au linalikata katikati. Usiridhike na ya mwaka jana, maana njia hubadilika kwa saa. Soma bima yako ya safari kwenye kipengele cha vita, kwani nyingi hazilipi.

Na angalia ni nani hasa anayerusha ndege. Mashirika huuziana viti, hivyo unaweza kununua tiketi kwa shirika unaloliamini ukapanda ndege ya jingine lenye sera tofauti kabisa ya kupita maeneo ya vita. Jina la mrushaji huandikwa kwenye tiketi, kwa maandishi madogo. Safari ya MH17 yenyewe iliuzwa pia na KLM, kwa namba KL4103.